Msitu unanawiri bila mbolea, ukifyekwa mahindi yanagoma. Rutuba inaenda wapi?

Mdau_Muheza: Wakuu, miti ya misitu ya Usambara Mashariki inapita mita 30 bila kuwekewa chochote. Mashamba ya kandokando yaliyofyekwa na kuchomwa, msimu wa kwanza mahindi yanakubali, wa tatu yanatoka ya njano. Rutuba imeenda wapi? Na mtu asipochoma?

Udongo_Kwanza: Mkuu, rutuba ilikuwa kwenye miti yenyewe na tabaka la majani, si chini. Ule udongo mwekundu ni mkongwe. Mvua ilishasomba kalsiamu na potasiamu, zikabaki oksidi za chuma na aluminiamu zinazoshikilia fosforasi mmea usiipate. Msitu unazungusha kile kile. Kabla jani halijadondoka, mti hurudisha ndani yapata nusu ya naitrojeni na fosforasi yake. Likianguka, mchwa, jongoo na kuvu wanalimaliza. Jani laini halifikishi mwaka. Fukua kidogo kwa mkono: mizizi myembamba imepanda hadi ndani ya majani yanayooza, nyuzi nyeupe za kuvu zimeshikana nayo. Kule San Carlos de Río Negro, Venezuela, watafiti walinyunyizia kalsiamu na fosforasi zenye mionzi juu ya mkeka wa mizizi kama huo, ukanasa asilimia 99.9.

Mboji_Hai: Naongezea kuhusu moto. Naitrojeni na salfa huondoka na moshi. Jivu huacha potasiamu na kalsiamu na kupunguza tindikali, ndiyo maana msimu wa kwanza unadanganya. Mizizi ya kunasa haipo tena, mvua inasomba jivu, tindikali inarudi na aluminiamu inadumaza mizizi ya mahindi. Tena gunia 20 za kilo 100 zikitoka shambani, zimebeba kama kilo 30 za naitrojeni.

Mdau_Muheza: Kwa hiyo kutochoma kunatosha?

Mboji_Hai: Hapana. Matawi na mabua makavu yakifukiwa, vijidudu vinanyang'anya mahindi naitrojeni kwa wiki kadhaa. Yaache juu kama matandazo, fukia majani mabichi ya gliricidia, mti wa jamii ya kunde: tani moja ikipimwa kavu ina kama kilo 30 za naitrojeni.

Udongo_Kwanza: Fosforasi ya kutosha haitatoka huko, weka mbolea ya Minjingu, ile ya mawe ya fosfeti yaliyosagwa, tindikali ya udongo huo ndiyo inayoiyeyusha. Kagua majani ya chini kwanza: njano inayoanzia nchani ikifuata mshipa wa kati ni njaa ya naitrojeni, zambarau pembezoni ni ya fosforasi.