Naomba ushauri: ngoma haikai juu ya nyimbo nilizorekodi Mwaka Kogwa

Habari zenu wakuu. Naandaa albamu ya nyimbo sita kutokana na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi ya Makunduchi, Zanzibar, nimekwama kwenye wa tatu.

Msingi wake ni sauti za kina mama wanaoimba wakizunguka uwanja huku wanaume wakipigana kwa mashina ya migomba. Nilirekodi Julai, maikrofoni mbili, kHz 48, biti 24. Mwendo hautulii: unaanza mapigo 94 kwa dakika, kibanda cha makuti kikishawashwa moto unafika 108. Halafu upepo wa kusi unanguruma chini ya Hz 150, palepale ilipo ngoma kubwa.

Nilivuta sauti kwa programu zifuate mapigo 100. Kiitikio kikawa kama kinaimbwa ndani ya pipa la maji, kila kofi likasikika mara mbili. Nikakata kila kilicho chini ya Hz 150: upepo ukaisha, ngoma ikabaki debe tupu. Nikashusha hadi 80, mngurumo ukarudi. Kurudia studio sitaki. Kikae, lahaja ya Makunduchi, kikiimbwa na mtu wa mjini kinajulikana tu.

Sasa naomba msaada kwa haya mawili. Nichore ramani ya mapigo inayowafuata kina mama ndipo mpiga msondo (ngoma ndefu) apige juu yake, au apige kwa sikio tu bila klik ya kuhesabu mapigo? Na kwa nyimbo za jadi kama hizi, COSOZA (hakimiliki Zanzibar) nijiandikishe mtunzi au mpangaji wa muziki tu? Aliyewahi kusajili anielekeze tafadhali.