Programu ya oda kwa AppSheet: itatuweka mbele, au washindani wataiga?

mzigo_jumla: Wakuu, tunasambaza unga na mafuta madukani. Tukijenga programu ya oda kwa AppSheet, zana ya Google ya kuunda programu bila kuandika msimbo (code), si na wenzetu watajenga?

fundi_data: Watajenga, tena haraka. Wasichoweza kuiga ni kumbukumbu zenu: nani huagiza nini, hulipa lini. Anza na majedwali matatu ya Google Sheets: Wateja, Bidhaa, Oda. Kitambulisho cha kila mstari kitoke UNIQUEID(), fomula ya AppSheet inayotoa alama isiyojirudia, kamwe kisiwe namba ya mstari. Ukifuta mstari mmoja namba husogea, na oda ya duka moja inasomeka kwa jirani yake. Halafu stoo: wauzaji wawili wakihariri salio bila mtandao, wa mwisho kusawazisha data (sync) anafuta kazi ya mwenzake. Kila mzigo unaoingia au kutoka uwe mstari mpya. Salio lipigiwe hesabu kutoka mistari hiyo.

kibanda_cha_kodi: Kama mko Kenya, Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, inataka seva ndogo katikati. Jibu la malipo huweza kupotea njiani. Tunza CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi la malipo, uliza hali ya malipo, ndipo mzigo utoke.

mzigo_jumla: Na Bubble, ile zana nyingine ya kujenga bila msimbo, je?

fundi_data: Data unaitoa kwa CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, lakini programu yenyewe huhami nayo. Bei ikipanda, unalipa au unajenga upya.