Lapini (sungura) yangu hakai na batoto wake, ni mama mubaya ao ni vile bako?

mufugaji_kadutu
Jambo ba ndugu. Niko Bukavu, apa Kadutu, ninachunga dende (simbilisi, cobaye) tangu 2019, na lapini nimeanza mwaka uyu tu, dume moja na majike mbili. Juzi moja akazala batoto saba, wekundu wekundu, hakuna manyoya, macho imefungwa, sawa panya. Mbele ya kuzala alijitosha manyoya ya tumbo akatandika mu kasanduku, nikasema ah, uyu ni mama wa kweli. Sasa tangu azale hakai mule! Anakaa upande ingine ya kibanda, anakula majani yake, analala, ata kuangalia kule haangalie. Siku mbili sijamuona ananyonyesha ata mara moja. Dende haziko vile, dende akizala batoto banatoka na manyoya, macho wazi, siku ileile banamukimbilia mama nyuma na kesho yake banatafuna majani. Jirani anasema lapini iyi ni mama mubaya niichinje tu. Mwenye anajua anielezee mbele nichukuwe kisu.

papa_bagira
Chinja, mimi nakuya na bugali 😂😂

mama_wa_lapini
Usimusikilize uyo, njaa njo inasema. Ndugu yangu, nimechunga lapini miaka saba, lapini ananyonyesha mara moja tu kwa siku, tena dakika tatu ao ine hivi, mara mingi ni usiku ama alfajiri wakati weye uko unakoroma, njo maana haumuone. Usiangalie mama, angalia matumbo ya batoto. Pitisha mukono mu kiota asubui (kwanza uusugue na majani ya kibanda ao manyoya ya mama mwenyewe): kama tumbo ni duara, imejaa, na bako na moto, bamekula. Kama ngozi imekunjamana na bako banalialia, apo sasa kuko shida, na kama ile jike ingine nayo imezala siku zilezile unaweza kumupa ule mutoto alee. Na maji!! Mayi isikosekane ata kidogo, jike mwenye kiu ao mwenye kuogopa-ogopa kelele anaweza kula batoto wake, zaidi kama ni uzazi wa kwanza. Ondoa watoto wa mutaa apo kwa kibanda.

biyolojia_G2
Mama amejibu vizuri, mi naongeza tu ile ya "juu ya nini", maana niko nasoma biyolojia na iyi mambo inanipendeza sana. Lapini wa pori (wetu wa kufuga anatoka kwa yule wa Ulaya) anazalia ndani ya shimo. Batoto bako uchi, hawawezi kukimbia, kwa hiyo silaha yao ni moja tu, kujificha. Mama akikaa pale siku nzima, harufu yake na njia yake ya kuingia na kutoka inamuonyesha mbweha mulango. Basi anaingia mara moja, anamwaga maziwa, anafunika, anaenda zake, na ni maziwa ya nguvu, mafuta yake inapita ya ng'ombe mara mbili na zaidi. Kukaa mbali ni sehemu ya kulea kwake.

Dende kwao ni milima ya Amerika ya Kusini, hachimbi shimo, mutoto wake anazaliwa juu ya ardhi kati ya majani, akizaliwa kipofu ameisha. Kwa hiyo mama anamupikia ndani. Hesabu mimba: lapini siku 31, dende karibu 68! Na chuchu: lapini iko na nane ao kumi, dende mbili tu. Mumoja anazala wengi wabichi, mwingine wachache walioiva. Kuko mutu anaitwa Robert Trivers, mwaka 1972 aliandika kwamba kila kitu mzazi anamupa mutoto mumoja, maziwa, joto, ulinzi, anakitosha kwa wale wengine angeweza kulea. Mufuko ni uleule, swali ni utaugawa namna gani. Mimi nikisoma ile nilifikiria mama yangu na minerval (feza ya masomo) ya watoto sita, lakini tuache.

etang_uvira
Mbona munasahau samaki? Niko na bwawa. Kambale anamwaga mayai makumi ya maelfu mu nyasi zenye mvua imefurika, anaenda, hajui hata mumoja. Tilapia jike anazala mamia tu lakini anayaokota yote mudomoni, anakaa nayo wiki moja ao mbili karibu bila kula, na bitoto bikisha kutoka bikiona hatari binarudi mudomoni. Njo maana bwawa ya tilapia inajaa visamaki vidogo-vidogo havikuwi, banalea vizuri kupita kiasi! Batu banatia kambale mule abapunguze.

Na apa ziwa Tanganyika kuko mujanja mumoja, samaki wa ndevu mwenye madoadoa, anatupia mayai yake kati ya mayai ya wale wenye kulea mudomoni. Mama anaokota yote bila kujua, yale ya mugeni yanaanguliwa mbele, na bitoto bya mugeni binakula batoto ya mwenye mudomo, mule mule mudomoni. Nikikumbuka ile nasikia baridi.

kijana_goma
Na baba je? Kila mara ni mama mama.

biyolojia_G2
@kijana_goma kwa wanyama wa maziwa baba mulezi ni wa kutafuta, chini ya moja juu ya kumi ya aina zote, maana mimba na maziwa viko kwa mama, dume anaona faida kwenda kutafuta jike ingine. Kwa ndege ni kinyume, wengi wao bwana na bibi banalea pamoja juu yai mutu yeyote anaweza kulilalia. Ule ndege wa vidole virefu mwenye kutembea juu ya majani ya maji, kwake dume njo analalia mayai na kulea peke yake, jike anaenda kwa bwana mwingine. Gorila wa kwenu dume hanyonyeshi, hapana, lakini akikufa batoto bako mu hatari, dume mugeni anaweza kubauwa ili mama arudi kupata mimba mbio. Bila hivyo jike anangojea miaka ine hivi.

mufugaji_kadutu
Ba ndugu, aksanti sana. Jana niliamka saa kumi na moja, nikakaa gizani na katochi ya telefone nimeifunika na kitambaa. Akaruka ndani ya kasanduku, sijamaliza ata kupiga miayo akaruka nje. Matumbo sawa mpira! Bako sita lakini, mumoja nilimukuta amekufwa pembeni, amepowa. Jirani sijamwambia bado. Swali ingine: madume ya dende natenga lini?

mama_wa_lapini
Wiki tatu. Usingoje ine, banapanda ata dada zao.