Tupeane uzoefu: ulipoiosha karavani kwa mikono yako mwenyewe, uliharibu nini?

Mleta uzi
Wakuu habari za muda huu. Nimefanya ujinga wiki iliyopita nikaona nisiumie peke yangu. Karavani yangu (ile nyumba ya kuvutwa na gari) ilikuwa na ile michirizi myeusi inayoshuka toka kwenye paa mpaka chini ya madirisha, nikasema leo lazima ing'ae, nikawasha mashine ya presha nikaisogeza karibu kabisa, aisee michirizi ilitoka kweli ila na stika za ubavuni nazo zikaanza kunyanyuka kama maganda ya kitunguu. Usiku nasikia harufu ya unyevu, kufungua kabati la chini ya dirisha nakuta maji yametuama. Kumbe silanti, ile gundi ya kuziba maji, ya kuzunguka dirisha ilishapasuka kitambo, presha ikamalizia kazi. Haya leteni vituko vyenu, na mbinu pia ruksa.

Mchangiaji 2
Pole mkuu, mashine haina kosa, kosa ni umbali. Mimi nasimama kama mita moja na nusu, naweka pua ya kutawanya maji, na madirisha, taa na ile tundu ya hewa ya friji siielekezei kabisa. Ile tundu imetengenezwa kuzuia mvua inayotoka juu, we ukipiga maji kwa chini yanapanda mpaka ndani.

Halafu hiyo michirizi usihangaike nayo ubavuni, inatoka juu. Mwaka mzima nilikuwa nasugua kuta kila wikiendi, mvua ikinyesha tu michirizi imerudi, nikawa nalaumu sabuni. Siku nimepanda na kitambaa nikapangusa paa kikatoka cheupe pee, paa la raba la EPDM likipigwa jua linatoa unga, ule unga na vumbi vinateremka na maji. Sa hivi naanza na paa ndo nashuka, na wakati nasugua juu kuta ziwe zimeloa tayari ili uchafu usigande. Na mwisho wa mfereji wa paa nimechomeka vimidomo virefu vya plastiki maji yadondoke mbali na ukuta. Michirizi imepungua zaidi ya nusu bila kusugua chochote.

Mchangiaji 3
Hapo kwenye paa la raba ndo mimi nililia. Niliegesha chini ya mti, utomvu ukadondoka, nikajifanya mjuaji nikafuta na petroli. Utomvu ulitoka, kesho yake naangalia pale pamevimba, raba imeinuka kama andazi. Raba ya hivyo haitaki kitu chochote chenye mafuta ya petroli, sabuni laini na brashi ya wastani inatosha.

Sasa ujinga wa pili, nikaziba pale na silikoni ya kawaida ya bafuni. Fundi kuja akanicheka halafu akanuna, maana silikoni haishiki vizuri kwenye ile raba na ukishaipaka hakuna silanti nyingine inayokubali kukaa juu yake, alikwangua nusu siku. Inatakiwa silanti ya paa ile inayotambaa na kujisawazisha yenyewe, na kabla hujanunua uulize kama inaendana na aina ya paa lako maana sio yote ni raba. Siku hizi napanda mara mbili kwa mwaka kukagua kuzunguka matundu ya hewa, antena na maungio. Ukuta ukianza kubonyea ukiugusa ujue maji yalishaingia zamani na mbao za ndani zinaoza. Ah na msipande paa likiwa na povu, linateleza hatari, mguu wangu shahidi.

Mchangiaji 4
Mimi nilikula hasara ya waksi. Bodi yangu ni faiba, ilikuwa imepauka kama imepakwa chaki, nikanunua waksi nzuri nikapaka siku nzima, ikang'aa kama wiki mbili hivi ikarudi vile vile. Kumbe nilipaka waksi juu ya ule mpauko! Unatakiwa uutoe kwanza kwa kompaundi (dawa nzito yenye chembe za kusugua), kisha polishi, ndo waksi inakuja mwisho kama kinga. Kujua hali yake chukua kitambaa cheusi kikavu ufute, kikitoka na unga mweupe basi waksi peke yake haitasaidia.

Lakini kompaundi ni ya kukwangua, kila ukipitisha unapunguza ile jelikoti, yaani tabaka gumu la kung'aa la juu ya faiba, na ikiisha hairudi, kwahiyo sio kazi ya kila mwaka. Na kama bodi yako ni bati la alumini lililopakwa rangi ongeza uangalifu, ile rangi ni nyembamba mno. Yote hayo fanyeni kivulini, juani inakauka kabla hujaifuta.

Na sabuni ya vyombo acheni, inaondoka na waksi yote uliyoitolea jasho.

Mchangiaji 5
Mimi madirisha jamani. Karavani nyingi madirisha sio kioo, ni plastiki ya akriliki, mimi nikapuliza dawa ya vioo ya ndani ya nyumba yenye amonia. Baada ya muda dirisha zima likawa na vimstari kama utando wa buibui, baba watoto akasema nimelikwaruza na brashi, tukanuniana. Siku hizi ni maji, sabuni laini na kitambaa laini basi. Wadudu waliogandia mbele nawafunika na taulo lililoloa dakika kumi na tano wanatoka wenyewe.

Mchangiaji 6
Tairi. Nilikuwa nazipaka ile ya kung'arisha yenye mafuta, nyeusiii, kumbe ubavuni zina nyufa. Tairi za karavani mara nyingi zinakufa kwa umri sio kwa kilometa. Angalieni tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa herufi na namba ubavuni mwa tairi unaoanza na DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kung'aa hakusaidii, zifunike zisipigwe na jua.

Mchangiaji 7
Na mimi nilifunika karavani nzima na turubai la plastiki nikajiona nina akili. Upepo ulilipigapiga miezi mitatu, kona zote rangi imelika, ndani jasho na ukungu. Kava liwe linapitisha hewa na lisichezecheze. Hata lile turubai la kivuli la pembeni, ukilikunja limeloa ukungu unaanza haraka sana.

Mleta uzi
Mkuu hapo mwisho umenishtua, siku ile ya presha nililiosha na lenyewe nikalikunja saa hiyo hiyo. Ngoja nikalifungue narudi.

Mleta uzi
Limeshakuwa na madoa. Nani anajua linatokaje?