"Discuss about" inaniponza kazini. Nijueje kitenzi kipi cha Kiingereza kinataka kihusishi na kipi hakitaki?

Karani wa Bandarini

Wakuu, salaam. Nina miezi 7 kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar. Kazi yangu ni kufuatilia nyaraka, na kila Jumatatu mimi ndiye naandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza. Wiki iliyopita bosi alinirudishia ukurasa mmoja una maduara 11 ya kalamu nyekundu. Hakunifokea. Alisema tu, "Soma, rekebisha, mteja anausubiri." Nimekaa nao mpaka usiku.

Baadhi ya sentensi nilizoandika ni hizi:

We discussed about the delayed container.
The client requested for a new invoice.
I explained him the storage charges.
He did not reply my email.
We contacted with the shipping line.
The driver mentioned about the broken seal.

Kinachonivuruga ni kwamba kwenye "reply" ameongeza "to", kwenye "discuss" amefuta "about". Nikiweka naambiwa nitoe, nisipoweka naambiwa niweke. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari ndipo nikaanza kufundishwa kwa Kiingereza. Vitenzi nilivikariri kimoja kimoja, hakuna aliyewahi kuniambia kila kimoja kinatembea na nani. Naombeni mnisaidie, kazi naipenda.

Mwalimu Chaki

Mdogo wangu, pole, na usijione hujui. Makosa yako mengi yanatoka kwenye Kiswahili chako, tena Kiswahili safi.

Sisi kihusishi mara nyingi tunakibeba ndani ya kitenzi. Chukua "zungumza". Ukisema "tulizungumza", msikilizaji atauliza mlizungumza kuhusu nini. Ukisema "tulizungumzia mzigo", ile "kuhusu" imeshaingia kwenye mkia wa kitenzi, ndiyo maana "tulizungumzia kuhusu mzigo" inakera masikioni. Sasa shika hili: "talk" ni "zungumza", inadai "about". "Discuss" ni "zungumzia", imeshashiba. "Mention" nayo ni "taja". Hakuna anayesema "alitaja kuhusu lakiri", anasema "alitaja lakiri". Kwa hiyo hapo Kiswahili chako kinakuokoa ukikisikiliza vizuri.

Pale kinapokuangusha ni kwenye "ni-" na "m-". Sisi tunasema niambie, nijibu, nieleze, nisikilize, niombe radhi. Vitenzi vitano, umbo moja, mtu anachomekwa ndani ya kitenzi na mambo yamekwisha. Kiingereza kinavigawa makundi mawili. "Tell me" na "answer me" havitaki kihusishi. "Explain to me", "listen to me" na "apologise to me" vinadai "to" kabla ya mtu. Ndiyo maana umeandika "explained him": umefikiri "nilimweleza". Iandike "I explained the storage charges to him", kitu kwanza, mtu baadaye, hutakosea tena. "Say" iko kundi la pili pia: "he said to me", kamwe si "he said me".

Halafu kuna ile "-ana". "Wasiliana na" inakufanya utafute "with" kila mahali. "Contact" haiitaki: "we contacted the shipping line". Lakini "bishana na" ni "argue with", na "ongea na" ni "talk to" au "talk with". Hapa sina kanuni ya kukupa, ni kukariri. Nunua daftari dogo, usiandike "reply" peke yake, andika "reply to somebody", na chini yake sentensi moja ya bandarini kwenu.

Binti Lamu

Mwalimu kaeleza vizuri sana. Mimi nahariri ripoti Mombasa, na kosa ninalokutana nalo kila siku ni hilo la "requested for". Chanzo chake ni kingine kabisa: nomino na kitenzi vinafanana sura, lakini nomino ndiyo yenye kihusishi. "A request for leave" ni sahihi. "I request for leave" si sahihi, ni "I request leave". Vivyo hivyo "a discussion about the price" lakini "discuss the price". "Contact with the client" lakini "contact the client". "An answer to the question" lakini "answer the question". "Emphasis on safety" lakini "emphasise safety". Barua za maombi ya likizo ninazosoma zimejaa "request for", na walioziandika wana digrii.

Kipimo changu: neno likitanguliwa na "a", "the" au "our", hiyo ni nomino, iachie kihusishi chake. Likitanguliwa na "I", "we" au "he", simama kwanza ujiulize.

"Reply" ndiyo inakaidi. Iwe nomino, iwe kitenzi, "to" haiachi.

Nyangumi

Mkuu, mimi nina swali la kweli. "Discuss about" nimeisikia kwa Wakenya, Waganda, Wanigeria, Wahindi. Kama mamilioni ya watu tunaisema na tunaelewana, kwa nini iwe kosa? Kiingereza si cha Waingereza peke yao siku hizi.

Mwalimu Chaki

Nyangumi, hoja yako ina uzito. Kwenye mazungumzo mwache mtu aseme, hakuna atakayeshindwa kumwelewa, na mimi simkatishi mtu kauli kwa sababu ya "about". Ila huyu kijana anaandika waraka unaokwenda kwa mteja, na huko bado inahesabiwa kosa. Anayelipia kosa hilo ni yeye.

Kama inasaidia kukumbuka: "discuss" asili yake ni Kilatini, na maana yake ya mwanzo ilikuwa kutikisa kitu mpaka kitawanyike. Ukitikisa mwembe unatikisa mwembe wenyewe, hakuna "kuhusu" hapo kati.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naongezea upande mmoja ambao hamjaugusa: kuna mahali kihusishi kinageuza maana yote. Mwaka wangu wa kwanza wodini tulikuwa na daktari mgeni. Mgonjwa alizidiwa, ndugu zake walikuwa nje getini, nikatoka nikawaita kwa sauti. Niliporudi nikamwambia daktari, "I shouted at the relatives." Akaacha kuandika, akanitazama, akauliza walikuwa wamefanya kosa gani. Nilitaka kusema niliwapazia sauti, yaani "shouted to". Nilichosema ni kwamba niliwafokea. Nilieleza haraka akaelewa, lakini uso wake wa dakika ile sijausahau.

"Laugh at" na "laugh with" ni hivyo hivyo, kumcheka mtu na kucheka naye. Na "ask" ina watoto watatu: "ask him" ni kumuuliza, "ask for him" ni kutaka kuonana naye, "ask after him" ni kumjulia hali. Hiyo ya mwisho wengi hawaijui, na kwetu watu wa salamu inafaa sana.

Kwenye faili zetu pia kuna "complain of". Mgonjwa "complains of chest pain", anasikia maumivu. Akisema chakula cha wodini kibaya, hapo ndipo "complains about". Ukipeleka malalamiko kwa mkuu, "complain to".

Karani wa Bandarini

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nimerekebisha, naomba mnikague kabla sijatuma:

We discussed the delayed container. The client requested a new invoice. I explained the storage charges to him. He did not reply to my email. We contacted the shipping line. The driver mentioned the broken seal.

Limebaki duara moja. Niliandika "we agreed with Thursday" kwa sababu tulikubaliana na mteja siku ya Alhamisi.

Mwalimu Chaki

Zote sita ziko sawa.

"Agree with" ni kwa mtu au maoni yake: "we agree with the client". Jambo mlilolipanga pamoja, siku au bei, ni "on": "we agreed on Thursday". Upande mmoja ukileta pendekezo na mwingine akalikubali, ni "to": "the client agreed to our proposal". Kwa muhtasari wako andika "We agreed with the client on Thursday for delivery". Hapana, subiri, hiyo inaweza kusomeka kwamba makubaliano yenyewe yalifanyika Alhamisi. Andika "We and the client agreed on Thursday as the delivery date."

Karani wa Bandarini

Nimetuma saa 4 asubuhi. Umerudi una duara moja tu, la tarehe niliyokosea. Daftari nimenunua, ukurasa wa kwanza nimeandika "reply to somebody".