Mazoezi ya kufundisha Kiingereza sekondari: wanachuo wanakwama wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, kuna wanachuo wa Kiingereza wanakaribia kuingia madarasani. Nadharia wameshiba. Msimamizi akishakaa dawati la nyuma, ni nini hasa kinawaangusha?

Chaki Nyeupe: Kuishiwa na somo, na hakuna baya kulizidi. Kipindi dakika 40, andalio la somo kurasa mbili, dakika ya 22 huna kitu mkononi. Chanzo ni kuongea peke yako. Umeeleza kanuni ya "present perfect", umeandika mifano mitatu, umeuliza "mmeelewa?", darasa zima likaitikia "ndiyooo". Msimamizi akichungulia daftari la jirani yake anakuta "I have went yesterday". Makosa mawili kwenye maneno manne: ilitakiwa "gone", na "yesterday" haikai na wakati huo hata kidogo. Ukiongeza maelezo utazidi kuwapoteza. Andika "She has lost her key", kisha uliza: ufunguo anao sasa? Tumeambiwa aliupoteza lini? Majibu yatakuonyesha aliyeelewa na aliyeitikia tu. Halafu dakika 10 waulizane wawili wawili, 10 nyingine waandike sentensi zao. Hapo kipindi hakitoshi.

Mwalimu wa Zamu: Naunga mkono. "Mmeelewa?" si swali.

Bi Sarufi: Na maelekezo ya kazi. Ukigawa karatasi kwanza, macho yote yanahamia huko, hakuna anayekusikia. Eleza, fanya mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake, mwingine arudie kazi ni ipi, ndipo ugawe.

Irabu Tano: Matamshi mnayaruka! Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa mwanafunzi, "ship" na "sheep" ni neno moja, na mtu hatamki asichokisikia. Anzeni na sikio: ubaoni neno la 1 na la 2, tamka moja, wanyooshe kidole kimoja au viwili. Kisha "-ed": "worked" inaishia na t, "played" inaishia na d, "wanted" ndiyo inaongeza silabi.

Kalamu Nyekundu: Matamshi yasubiri. Insha ndizo zinazowazamisha.

Irabu Tano: Yasubiri mpaka lini, mkuu? Kosa la mdomoni likikomaa halitoki.

Mwalimu wa Zamu: Mimi nasema Kiswahili kisisikike kabisa kipindi cha Kiingereza.

Bi Sarufi: Hapana, mwalimu. "Although" utaieleza kwa ishara gani? Sema "ingawa", songa mbele.

Kalamu Nyekundu: Dada, hiyo "ingawa" yako ndiyo inayoleta "Although he was sick, but he came". Tumezoea "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", wanaihamisha nzima nzima.

Bi Sarufi: Basi ziandike zote mbili ubaoni, ukate "but" mbele ya macho yao. Lugha yao ndiyo inayokuonyesha kosa linatoka wapi.

Mwalimu wa Zamu: Hapo nimekuelewa. Kwa neno moja sawa, kwa kipindi kizima hapana.

Kalamu Nyekundu: Turudi kwenye insha. Usipake wekundu ukurasa mzima. Mwanafunzi anaangalia alama tu na kufunga daftari. Chagua kosa la aina moja kwa wiki, tuseme nyakati. Pigia mstari, weka pembeni herufi ya kuonyesha aina ya kosa, arekebishe mwenyewe. Insha 45 zinasahihishika kwa utaratibu huo.

Mgeni Darasani: Nikiuliza swali darasa likanyamaza, nifanyeje?

Chaki Nyeupe: Nyamaza na wewe. Hesabu mpaka tatu kimoyomoyo, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wanaacha kufikiri.

Mgeni Darasani: Na ubao?

Bi Sarufi: Ugawe sehemu tatu. Kushoto msamiati, haufutwi mpaka kengele. Katikati somo. Kulia pa kuandika na kufuta. Na neno jipya liandike baada ya kulitamka. Wakiliona kwanza watalisoma kwa herufi za Kiswahili, "knife" inakuwa "kinife".