Ameniambia nifunge ng'ombe mbele ya gari langu

Ndugu zangu, nimeingia nyumbani sasa hivi na mikono bado ina masizi. Fundi mwenyewe hana haja ya kutajwa, kwa kuwa hakuna mwenye gari la dizeli hapa Pemba asiyeacha fedha zake pale. Leo, katikati ya mlima wa kutoka bandarini Mkoani, gari limekwama na magunia manne, moshi mweusi umefunika nusu ya mji, nilimpigia simu. Akanijibu: "Ami, funga ng'ombe mbele."

Gari langu ni Land Cruiser ya mwaka 1992 yenye injini ya 1HD-T, lita 4.2, iliyoumbwa kwa milima. Lilipoanza kukosa nguvu nilimweleza kwamba kila nikikanyaga mafuta nasikia hewa inafoka chini ya boneti. Hakugusa hata mpira mmoja wa hewa. Alizungusha skrubu ya pampu kuongeza dizeli, kisha akasema turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, imekufa na mpya ni milioni mbili. Dizeli ikizidi na hewa ikapungua, kinachobaki ni moshi na joto, na joto hilo hufika mahali likayeyusha pistoni. Halafu nifunge ng'ombe!

Magharibi hii nimepaka povu la sabuni kwenye mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, nikaziba upande mmoja, na mwanangu akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Povu likachemka chini ya klipu, penye mpasuko usiozidi ukucha. Nimekata ncha hiyo mbovu, nimekaza klipu, nimerudisha skrubu mahali pake, na gari limepanda bila moshi. Ng'ombe, mbele ya watu wote wa bandarini, maana simu ilikuwa kwenye spika!

Mchumaji wa Wete: Pole sana, ami, ila kwa mlima ule ng'ombe mmoja asingetosha.

Dizeli Tupu: Mimi alinibadilishia turbo nzima, kumbe chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi.

Mwana wa Konde: Machujio yenyewe siku hizi ni ya bandia. Langu lilikunjana kabla ya mwezi kwisha.

Mwenye uzi: Jamani, mimi nimetukanwa.

Dizeli Tupu: Mwana wa Konde, lako ulilinunua Chake au uliagiza Unguja?